Stelingi reki kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kamili wa kurekebisha jiometri yake kabla hujamaliza hela kwenye alaimenti

Wakuu, kama una pikapu ya zamani umeiwekea stelingi reki, yaani ile fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia kugeuza tairi, na ukishika spidi inaanza kujitafutia njia yake yenyewe, barabara ikiwa na mawimbi kidogo tu usukani unavuta kushoto mara kulia, halafu ukienda kwenye mashine ya alaimenti (ya kupima pembe za tairi) wanakwambia iko safi kabisa, basi hapa ndo mahali pako. Mimi nimelipia alaimenti mara mbili kabla sijaelewa kwamba ile mashine inapima gari likiwa limesimama, wakati ugonjwa wangu unatokea gari likiwa linapanda na kushuka kwenye springi zake. Karatasi inatoka kijani tupu, unarudi barabarani, unapigana na usukani vilevile.

Gari lenyewe ni Ford F-100 ya 1956, ile ya mwaka mmoja tu ambayo kioo cha mbele kimejikunja mpaka pembeni. Niko Houston, nililinunua kwa jamaa aliyelijenga nusu akachoka. F-100 za 1953 hadi 1956 zilitoka kiwandani na ekseli nzima ya mbele, chuma kimoja toka tairi mpaka tairi juu ya springi za majani, na stelingi boksi (gia za usukani ndani ya boksi, bila reki). Wajenzi wa huku kwa miaka mingi wamekuwa wakikata ile ekseli na kuweka mfumo wa mbele wa Mustang II, gari iliyotengenezwa 1974 mpaka 1978, kwa sababu ni mdogo, una wishboni mbili kila upande (mikono inayoshika gurudumu, moja juu moja chini), na reki yake iko mbele ya ekseli. Siku hizi hata huhitaji kutafuta Mustang II chakavu, krosmemba (bimu inayokatiza chesisi na kushika mfumo huo) inauzwa mpya, unachomelea kwenye chesisi. Kwa hiyo nitakayoeleza humu yanahusu mfumo huo, ila mwishoni nitagusa na magari ya nyumbani.

Tahadhari moja kabla hatujaanza maana nimeona watu wanaifanya: usifunge reki kwenye chesisi huku umebakiza ekseli nzima na springi za majani. Ekseli inapanda na kushuka mzima mzima, reki imekaa palepale, kwa hiyo kila tuta linakukatia kona. Hakuna shimu (kibati cha kujazia) wala spesa itakayokuokoa hapo. Ukitaka reki, weka mfumo wa wishboni, la sivyo baki na boksi nzuri iliyotengenezwa upya.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni jiometri kweli

Nyanyua mbele, weka jeki stendi chini ya chesisi (sio tofali, tafadhali, na sio jeki peke yake), kagua vitu vya kawaida. Shika tairi saa tatu na saa tisa utikise, kama kuna mchezo angalia tairodi endi (ncha ya nje ya tairodi, ile fimbo inayounganisha reki na gurudumu) na jointi ya ndani iliyojificha kwenye buti ya mpira. Shika saa kumi na mbili na saa sita, mchezo hapo ni bol-jointi (jointi ya mpira wa chuma kwenye ncha ya wishboni) au beringi. Halafu mwambie mtu akae ndani achezeshe usukani injini ikiwa imezimwa, we lala pembeni uangalie reki yenyewe: kama mwili wa reki unasogea kushoto kulia kwenye masikio yake, bushi zimekufa, na ukiwa na bushi zilizokufa vipimo vyote vya huko mbele havina maana. Badilisha kwanza.

Kama una pawa stelingi na ugonjwa wako ni usukani mwepesi kupita kiasi, ukigusa tu gari limeshahama leni, hilo ni jambo lingine kabisa. Watu wengi wanafunga pampu ya GM kwenye reki ya aina hii ya Ford, na hizo pampu zinasukuma presha kubwa kuliko reki inavyotaka. Dawa yake ni valvu ya kupunguza presha, sio welda.

Vyote vikiwa vizima na bado gari linatangatanga kwenye mawimbi, haya tuendelee.

Nukta sita

Nilipokuwa mdogo mjomba alikuwa na gereji Gerezani pale Dar, alikuwa anachora gari kwa chaki sakafuni kabla hajashika spana. Nilidhani ni mbwembwe. Sasa hivi na mimi nachora.

Simama mbele ya gari, angalia upande mmoja. Kuna nukta sita tu zinazokuhusu. Pini ya ndani ya wishboni ya juu, pini ya ndani ya wishboni ya chini, bol-jointi ya juu, bol-jointi ya chini, halafu tairodi: jointi yake ya nje kwenye mkono wa stelingi (ule unaogeuza gurudumu) na jointi yake ya ndani kwenye reki. Piga mstari kupita pini na bol-jointi ya juu, piga mwingine kupita pini na bol-jointi ya chini, ivute hiyo mistari kuelekea katikati ya gari mpaka ikutane. Mara nyingi inakutana mbali, hata nje ya tairi la upande wa pili. Pale inapokutana ndo kitovu ambacho gurudumu linazungukia kwa wakati huo.

Sasa sheria ziko mbili. Ya kwanza, mstari wa tairodi ukiuvuta nao lazima upite kwenye kitovu hichohicho. Ya pili, jointi ya ndani ya tairodi iangukie kwenye mstari unaounganisha pini ya juu na pini ya chini za wishboni, au karibu sana na hapo. Kwa kuwa kwenye Mustang II tairodi inakaa chini karibu na wishboni ya chini, kwa lugha rahisi ni kwamba tairodi inatakiwa iwe karibu sawa na wishboni ya chini kwa urefu na kwa mwinamo. Zikienda pamoja kama watu wawili wanaobeba kitanda, tairi linapanda na kushuka bila kugeuka. Mmoja akiwa na hatua tofauti, kitanda kinapinda, na kwenye gari kupinda kwenyewe ni tairi kukata kona bila wewe kugusa usukani. Wajenzi wa huku wanaita bampu stia.

Weka gari kwenye kimo chake cha kweli

Hapa usiharakishe, maana kila kipimo kinategemea hapa. Gari liwe na uzito wake wote: injini, gia boksi, betri, redieta yenye maji, tairi zenyewe utakazotumia. Sakafu iwe sawa, tumia pima maji. Kama bodi bado haijakaa pakia mifuko ya mchanga, lakini ujue unakisia.

Kwenye mifumo hii wishboni ya chini inatakiwa ilale karibu sawa na sakafu gari likiwa limesimama. Kama ya kwako inatazama juu kuelekea nje, maana yake gari limeshushwa kwa kukata springi, na hapo kitovu chako kimeshahama. Ukitaka gari likae chini bila kuharibu hivi vitu, tumia nakoli (chuma kinachobeba gurudumu kati ya bol-jointi mbili) zilizoshushwa, zile ambazo shafti ya habu imepandishwa juu kwa inchi 2 hivi. Gari linashuka, wishboni zinabaki na mwinamo wake. Kukata springi ni rahisi lakini unalipa huku kwingine.

Halafu kitu ambacho sikukijua na kilinipotezea Jumamosi nzima: weka kasta na kemba KABLA ya kupima bampu stia. Kasta ni ule mwinamo wa bol-jointi ya juu kurudi nyuma, kemba ni mwinamo wa tairi kwa juu kuingia ndani au kutoka nje. Ukiongeza kasta unaizungusha nakoli yote, na kwa kuwa mkono wa stelingi kwenye mfumo huu unaangalia mbele, ncha yake inapanda. Mkono wangu ulipimika milimita 130 toka katikati ya bol-jointi mpaka katikati ya tairodi endi, kwa hiyo kila digrii 1 ya kasta inapandisha ncha kama milimita 2.3. Ukiongeza digrii 3 baadaye umepandisha karibu milimita 7, na kazi yako yote ya shimu imeharibika. Mimi naweka kasta digrii 3 hadi 4 kwa reki ya pawa, pungufu ya hapo kwa reki ya mkono maana usukani unakuwa mzito, na kemba sifuri mpaka nusu digrii kuingia ndani.

Ukimaliza, pima umbali toka katikati ya habu mpaka ukingo wa chini wa chesisi, andika ukutani kwa maka peni. Hiyo ndo sifuri yako.

Kupima

Toa springi. Springi ya koili iliyobanwa inaua mtu, sio utani, tumia kibano chake na ipitishie mnyororo kwenye wishboni wakati unashusha jeki taratibu. Toa na shokapu. Rudisha wishboni bila springi, sasa unaweza kupandisha na kushusha habu kwa jeki ndogo bila kupambana na chochote.

Weka reki katikati: zungusha usukani mpaka mwisho upande mmoja, hesabu mizunguko mpaka mwisho wa pili, rudi nusu. Halafu pima na pembeni, jointi ya ndani ya kushoto na ya kulia ziwe umbali sawa toka katikati ya krosmemba. Kama haziko sawa reki yako imefungwa pembeni na hilo nalo ni kosa la kurekebisha. Shika shafti ya pinioni (gia ndogo inayosukuma reki) kwa spana ya kubana na uifunge kwa waya kwenye chesisi isizunguke.

Chukua ubao ulionyooka au bamba la alumini la milimita 600, litoboe, lifunge kwenye habu kwa nati za tairi, lilale sawa kwa pima maji. Pembeni yake, kama milimita 100 nje, simamisha ubao mwingine mpana ulionyooka ambao haugusi gari, ufunge kwenye kitu kizito usisogee. Unapima umbali kati ya bao hizi mbili sehemu mbili: ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo ndo inakwambia tairi limegeuka kiasi gani.

Kwa nini sehemu mbili? Kwa sababu habu ikipanda inasogea pia ndani nje kidogo kufuata duara la wishboni. Mimi nilianza na leza ya bei rahisi, nikaibana kwenye habu ikapiga ukuta mita 3 mbele, nikaona kidoti kinahama nikasherehekea kumbe nusu ya mhamo ule ni habu kusogea pembeni tu, sio kugeuka. Ncha mbili zinaufuta huo mkanganyiko kwa sababu zote zinasogea sawa. Leza inapendeza kwenye video lakini hapa ubao na futi zinashinda.

Anza kwenye sifuri, andika. Panda milimita 25, andika, panda mpaka 50, andika. Rudi sifuri uhakikishe kipimo kimerudi palepale (kisiporudi kuna kitu kimelegea), halafu shuka 25 na 50. Kila mara weka pima maji kwenye ubao wa habu maana unapenda kuinama. Fanya upande wa pili pia, usidhani uko sawa, krosmemba zinazochomelewa kwenye gereji za nyumbani mara nyingi zina upande mmoja uliopanda.

Kusoma majibu

Hii ndo sehemu ya thamani, soma polepole. Ninayosema ni kwa reki iliyo MBELE ya ekseli. Kama yako iko nyuma, geuza kila kitu.

Kama tairi likipanda pua (sehemu yake ya mbele) inaingia ndani, na likishuka pua inatoka nje, yaani mielekeo inapingana, kosa lako ni kimo: reki iko chini mno ukilinganisha na ncha ya nje. Ikiwa kinyume, likipanda pua inatoka na likishuka inaingia, reki iko juu mno.

Kama tairi likipanda pua inaingia na likishuka pua inaingia vilevile, kosa ni urefu: tairodi ni fupi, jointi za ndani za reki ziko nje mno, reki ni pana. Pua ikitoka pande zote mbili, tairodi ni ndefu, reki ni nyembamba mno.

Ukipata mchanganyiko, mfano ikipanda inaingia milimita 6 na ikishuka inatoka 2, una yote mawili. Shughulikia kimo kwanza, kinachobaki ndo cha urefu.

Langu likipanda 50 pua iliingia milimita 11, likishuka 50 ilitoka 10. Mielekeo inapingana, namba zinakaribiana, kwa hiyo kimo, na reki iko chini. Kuna hesabu ya kukadiria: kosa la kimo zidisha na mwendo wa tairi, gawa kwa urefu wa tairodi, unapata ncha ya mkono imevutwa kiasi gani. Halafu zidisha na 600 ya ubao, gawa kwa urefu wa mkono. Tairodi yangu ni kama 380. Nikarudi nyuma toka kwenye milimita 11 nikapata kosa la karibu milimita 18. Nikaingia uvunguni na tochi kutafuta hizo milimita 18 na nikazikuta: jamaa aliyejenga alikuwa amekata masikio ya krosmemba yanayoshika reki akachomelea mengine milimita 19 chini.

Kwa nini alifanya hivyo? Sampu, bakuli la oili chini ya injini. Alikuwa na injini ya V8 ya 302 (inchi za ujazo) yenye sampu ambayo tumbo lake la oili liko mbele, likagusa reki, akaona ashushe reki. Sio mjinga, ni kosa ambalo wengi wamelifanya, kwa sababu reki inaonekana kama kitu unachoweza kukisogeza popote mradi tairodi zifike. Injini ndo inayotakiwa kusogea, sio reki. Kuna sampu za 302 ambazo tumbo liko nyuma, unabadilisha sampu pamoja na bomba lake la kunyonya oili, pengine na kupandisha injini kidogo, na reki inarudi nyumbani kwake.

Kurekebisha kimo

Kosa likiwa dogo, milimita 3 au 4, kuna bushi za reki ambazo tundu lake haliko katikati. Unazizungusha, reki inapanda au inashuka. Zungusha zote mbili sawasawa, reki ikilala upande utapata upande mmoja mzuri na mwingine mbaya, na gari litavuta upande mmoja kwenye kila tuta.

Njia ya pili ni kwenye ncha ya nje: unatoa tairodi endi ya kawaida, unaweka rodi endi ya boliti iliyonyooka yenye spesa, unapandisha au kushusha kwa kubadilisha spesa. Inafanya kazi na kurekebisha ni rahisi, lakini kuwa na adabu. Boliti imeshikwa upande mmoja tu, kadiri spesa zinavyorefuka ndivyo inavyopindwa. Mimi siweki spesa ya zaidi ya milimita 20, na lazima kuwe na washa kubwa ya usalama chini, ili rodi endi ikifa isichomoke. Na usije ukapasha moto mkono wa stelingi ukaupinda, najua kuna mafundi wanafanya na wanakwambia hamna shida. Ule ni chuma kilichofuliwa na kupikwa kwa ugumu wake. Ukiupasha umeharibu upishi, na siku utakapokatika hautakutumia meseji kwanza.

Kosa kubwa kama langu linataka masikio mapya. Nilitoa injini, nikasaga masikio ya zamani, nikatengeneza mabamba mawili ya muda yenye matundu marefu ya wima ili reki iweze kupanda na kushuka, nikayabana kwa klampi. Halafu nikarudia kupima, napandisha reki milimita 2, napima, napandisha tena, napima, mpaka namba zikatulia. Ndo nikatengeneza masikio ya kweli ya bamba la milimita 6 yenye tundu la duara palepale, na kumwita mchomeleaji mwenye cheti. Najua kuchomelea geti na benchi lakini stelingi simwachii welda wa wikiendi, hata kama welda huyo ni mimi. Wakati wa kuchomelea funga reki ya zamani iliyokufa au bomba lenye vipimo vyake ili masikio yasivutwe na joto, usichomelee reki nzima ikiwa hapo, sili za mpira zitaungua.

Baada ya hapo: juu 50 pua inaingia 1.5, chini 50 inaingia 1. Unaona zote zinaingia? Kakosa kadogo ka urefu, tairodi fupi kidogo. Nimekaacha. Kwa pikapu ya barabarani nikiwa chini ya milimita 2 kwenye ubao wa 600 kwa mwendo wa 50 juu na chini, nafunga kitabu.

Kosa la urefu

Hapa sina habari njema. Urefu haurekebishwi kwa kuzungusha tairodi endi, hiyo inabadilisha toini tu (kiasi pua za tairi zinavyotazama ndani), jointi ya ndani inabaki palepale. Dawa ni reki yenye upana sahihi. Pima umbali kati ya pini za ndani za wishboni za chini kushoto na kulia, halafu pima reki jointi kwa jointi, zikaribiane. Krosmemba za dukani zikiwa zimepanuliwa ili tairi zijae kwenye madigadi ya pikapu, mara nyingine mtu anaweka wishboni ndefu au krosmemba pana na reki ileile ya asili, na hapo ndo shida inapozaliwa. Waulize wanaouza krosmemba inataka reki ya upana gani kabla hujalipa. Kukata reki na kuiunganisha, hapana.

Mbele na nyuma: kona

Mpaka sasa tumeangalia gari kwa mbele tu. Liangalie kwa juu. Ukikata kona, tairi la ndani linapita duara dogo, kwa hiyo linatakiwa kugeuka zaidi ya la nje. Mpango huu unaitwa Ackermann, jina la aliyesajili hataza Uingereza mwaka 1818, ingawa aliyebuni alikuwa mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger. Ndo hivyo, aliyefika ofisini ndo kakumbukwa.

Kwa reki ya mbele, ukiisogeza nyuma kuelekea ekseli, tairi la ndani linageuka zaidi. Ukiisogeza mbele ya ncha za nje, linageuka pungufu, na utalijua kwa mlio wa tairi kwenye maegesho na kwa mbele kusukumwa kwa kurukaruka ukikata kona kali. Usizidishe kurudisha nyuma pia: ukifika mwisho wa usukani, tairodi na mkono vikikaribia kunyooka mstari mmoja, stelingi inaweza kukwama huko. Zungusha mwisho hadi mwisho ukiwa umenyanyua gari, tairi likiwa juu, katikati na chini, uangalie kama kuna mahali panabana.

Kupima: weka chini ya kila tairi mabati mawili yenye grisi katikati yateleze, chora mstari wa tairi sakafuni, geuza la ndani digrii 20, pima la nje. F-100 hii ina inchi 110 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama milimita 2794, na bol-jointi zangu ziko milimita 1320 kushoto mpaka kulia, hesabu kamili inasema la nje liwe digrii 17 na robo hivi. Nilipata 18. Poa kabisa, gari la mtaani halihitaji ukamilifu.

Ila kuna dhambi moja: mtu anabadilisha nakoli, ya kushoto anaipeleka kulia, ili mikono iangalie nyuma na reki ikae nyuma ya ekseli kukwepa injini. Sasa mikono inapanuka upande usiofaa, Ackermann inageuka kichwa chini, tairi la nje linageuka kuliko la ndani. Ukilikuta gari hivyo usianze na shimu, rudisha nakoli.

Shafti ya usukani

Reki ikishahama, shafti inayotoka kwenye kolamu imebadilika pembe, usiisahau. Univasali (jointi inayoruhusu shafti kukunja) moja iliyokunjwa digrii 30 haizungushi sawasawa: kuna sehemu ya mzunguko inakimbia kwa asilimia 15 na sehemu inachelewa kwa asilimia 13, unaona usukani mwepesi, mzito, mwepesi, mzito. Kwenye digrii 15 tofauti ni kama asilimia 3.5, huisikii. Ukiwa na mbili, zigawane pembe sawa na uma za shafti ya kati ziwe kwenye mstari mmoja, hapo moja inafuta kosa la mwenzake. Ukilazimika kuweka tatu, shafti lazima ishikwe na beringi katikati, bila hiyo itacheza kama kamba ya kuruka. Na iwe mbali na bomba la ekzosi.

Kufunga na kuingia barabarani

Rudisha springi, shokapu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa likae. Toini mimi naweka milimita 1.5 mpaka 3 kwa jumla. Sasa ndo uende kwenye mashine ya alaimenti, na uwaambie wasiguse kasta bila kukuuliza, wakiihamisha digrii mbili wameshakubadilishia kimo cha ncha kama tulivyoona.

Nati za kotapini ukikuta tundu halijalingana unaongeza kukaza mpaka lilingane, hurudishi nyuma hata kidogo. Uzi wa tairodi endi uwe umeingia angalau mara moja na nusu ya unene wa rodi.

Kwa walio nyumbani, Peugeot 504 pikapu ina reki toka kiwandani na mbele ina strati (shokapu na springi kama nguzo moja inayoshika gurudumu kwa juu), sio wishboni mbili. Sheria ni ileile, isipokuwa mstari wa juu unapatikana kwa kupiga pembe mraba na strati pale inapofungwa juu, na mstari wa chini ni wa wishboni kama kawaida. Watu wanaweka spesa juu ya springi ili gari linyanyuke kwa ajili ya barabara za vumbi, bodi inapanda na reki inapanda nayo, magurudumu yanabaki chini, wishboni na tairodi zote zinaning'inia. Inchi 1 utaivumilia. Ukifika inchi 2 chukua bao zako mbili upime, na kama namba ni mbaya rahisi kuliko yote ni kupunguza spesa.

Ukishatembea maili 50 hivi, rudi uvunguni ukaze upya boliti zote za reki, masikio na univasali, na uchore mstari wa rangi nyeupe toka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika umejua nati imezunguka, hata kama unaangalia kwa simu umelala kifudifudi kwenye kokoto.